Sista, mtu wa kompyuta na rejesta iliyo katikati

Ukitaka kujua kama mfumo wa kompyuta wa zahanati utadumu, usihangaike na skrini. Nenda ukaangalie meza ya sista miezi miwili baada ya uzinduzi. Kama rejesta ya karatasi bado iko wazi na kalamu juu yake, na kompyuta imefunikwa kitambaa isiingie vumbi, jibu umeshalipata.

Mombasa haina uhaba wa watu wa pande hizi mbili, afya na kompyuta. Chuo Kikuu cha Kiufundi kiko Tudor, KMTC, chuo cha kufundisha wahudumu wa afya, ina kampasi mjini, hospitali ya Coast General inapokea rufaa za pwani nzima, na vijana wanaojua kuandika programu wamejaa mitaani. Kinachokosekana ni meza moja ya kukalia. Mtu wa kompyuta huuliza, "Mnataka mfumo ufanye nini?" Sista hujibu, "Utusaidie kazi." Wote wawili huondoka wakidhani wameelewana. Nitakayoyaeleza hapa ni mambo madogo madogo, na kwa maoni yangu ni hayo yanayoua miradi mingi kuliko kukosa pesa. Mifano mingi ni ya kliniki ya wajawazito, kwa kuwa hapo karibu kila aina ya tatizo hujitokeza.

Wiki ya kwanza haina kompyuta

Rejesta za Wizara ya Afya zina namba, na wahudumu huziita kwa namba hizo. 405 ni ya wajawazito. 333 ni ya chumba cha kujifungulia, 511 ni ya kliniki ya watoto. 204A ni ya wagonjwa wa nje walio chini ya miaka mitano, 204B ni ya waliozidi hapo. Mwisho wa mwezi zote hujumlishwa kwenye fomu nyingine: 705A na 705B kwa magonjwa, 711 kwa afya ya uzazi, 717 kwa wingi wa kazi. Muhtasari unatakiwa ufike kaunti ndogo kufikia tarehe 5, kisha uingizwe KHIS kufikia tarehe 15. KHIS ni mfumo wa taifa wa takwimu za afya unaotumia DHIS2, programu iliyokuzwa Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo Kenya iliieneza nchi nzima mwaka 2011.

Asiyezijua namba hizi ataunda fomu yake mwenyewe, ya kupendeza, na itakosa safu mbili tatu ambazo 711 inazidai. Hapo sista hana budi kuandika mara mbili. Piga hesabu: mama 60 kwa asubuhi moja, dakika 3 za kurudia kila mmoja, ni dakika 180. Hakuna zahanati ya Likoni wala Jomvu yenye sista wa kukalishwa saa tatu nzima akinakili.

Kwa hivyo omba ruhusa kwa msimamizi wa kituo, chukua ukurasa mtupu wa rejesta, ukae kando ya sista siku ya kliniki yenye watu wengi, kuanzia saa mbili hadi saa sita. Beba kalamu tatu. Safu inayojazwa kila mara ipige kijani, inayojazwa mara moja moja ipige njano, isiyojazwa kabisa ipige nyekundu. Andika pia inajazwa lini: mama akiwa mbele ya meza, majibu ya maabara yakirudi, au jioni watu wakishaondoka. Usipige picha ukurasa uliojazwa. Majina ya watu na hali zao hayana kazi kwenye simu yako.

Nyekundu hizo zina sababu zake. Pengine vitendanishi vya kipimo hicho vimeisha tangu mwezi jana. Pengine swali ni la aibu na chumba hakina pazia. Mtu wa kompyuta akiona safu tupu, mkono humwasha kuifanya ya lazima, skrini isipite mpaka ijazwe. Matokeo yake ni kumfundisha sista kuweka chochote ili foleni isogee: presha ya 120/80 kwa mama kumi mfululizo, uzito ule ule wa mwezi uliopita. Data mbaya ya namna hii ni hatari kuliko pengo, kwa sababu inafanana na data nzuri.

Kisha uliza kuhusu daftari la kando. Karibu kila kituo kina moja: daftari la kawaida la shule, limepigwa mistari kwa rula, lina mambo ambayo rejesta haikuyapa nafasi. Humo mna akina mama waliopewa rufaa na hawajarudi, waliopimwa damu na majibu hayajaja, wanaotakiwa kupigiwa simu. Ukiniuliza mimi, daftari hilo ni maelezo bora ya mfumo unaohitajika kuliko mkutano wowote wa wadau. Programu ikiweza kulibadilisha daftari la kando, sista ataifungua kila asubuhi bila kusukumwa.

Na kabla hujaanza kuandika chochote toka mwanzo, jua kwamba njia imeshapitwa. OpenMRS, programu huria ya rekodi za wagonjwa, ilianza mwaka 2004, matunda ya kazi ya watu wa Eldoret na Chuo Kikuu cha Indiana, na KenyaEMR imejengwa juu yake. Kamusi ya magonjwa, vipimo na dawa imo tayari. Kijana anayeanza na jedwali tupu la hifadhidata atatumia miezi sita kufika walipofikia wenzake zamani, tena bila njia ya kuzungumza na mifumo mingine.

Mwanaisha ni nani?

Mapokezi, saa mbili na nusu asubuhi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Jina lako?"

"Mwanaisha."

"Mwanaisha nani?"

"Mwanaisha Salim."

Kitambulisho kinasema Aisha Mohamed Salim. Kadi ya zamani, iliyokunjwa mara nne, inasema Mwanaesha S. Mohammed. Karani aliyezaliwa Mvita anajua papo hapo kuwa ni mtu mmoja. Kompyuta inaona watatu, na kama haikusaidiwa itafungua faili ya nne.

Kosa la kwanza hutoka kwenye visanduku viwili vya jina la kwanza na jina la ukoo. Pwani kwa kawaida mtu ana jina lake, la baba na la babu, na mke habadilishi jina kwa kuolewa. Weka visanduku vitatu vyenye vichwa hivyo hivyo: jina lake, la baba, la babu. Ongeza cha nne cha jina analoitwa nyumbani, kisiwe cha lazima. Maneno bin na binti yaondolewe wakati wa kutafuta.

Kosa la pili ni kutumia Soundex na kuona kazi imeisha. Kanuni hiyo ya kulinganisha majina kwa sauti ilisajiliwa Marekani mwaka 1918 kwa majina ya huko. Kwa majina yetu inafaa nusu. Mohamed, Mohammed na Muhammad yote hutoa msimbo mmoja, M530, vizuri. Fatma na Fatuma ni F350, Swaleh na Saleh ni S400. Lakini Soundex huibakiza herufi ya kwanza kama ilivyo, basi Khadija huwa K320 na Hadija H320, Athumani A355 na Othman O355. Mwanaisha ni M520, Aisha ni A200. Hao hawakutani kamwe.

Dawa yake si ngumu, ila haiwezi kuandikwa na mtu wa kompyuta peke yake. Keti na afisa wa rekodi mtengeneze jedwali la kusawazisha: Kh iwe H, Q iwe K, herufi zilizorudiwa ziwe moja, Mwana- mwanzoni itafutwe ikiwepo na isipokuwepo, Athumani na Othman yawekwe kapu moja. Soundex ije baada ya hapo. Jedwali la mistari 80 hivi litabeba majina mengi. Majina ya Kimijikenda kama Kadzo na Dama yanahitaji mistari yao, na anayeyajua ni mtu wa Kisauni au Jomvu, si kitabu.

Halafu pointi za kupima kama faili mbili ni za mtu mmoja. Hizi ni za kuanzia, mzibadilishe mkishaona matokeo: namba ya kitambulisho ikilingana pointi 8, jina lake 3, la baba 3, la babu 2, mwaka wa kuzaliwa usiopishana zaidi ya miaka miwili pointi 2, simu 2, mtaa 1. Walio na 8 kwenda juu waonekane kwanza kwenye orodha, wa 5 hadi 7 wafuate chini yao. Binti wa miaka 17 hana kitambulisho, kwa hivyo mfumo usimdai. Simu nayo ipewe pointi chache kwa sababu laini hubadilishwa, na mara nyingi namba iliyoandikwa ni ya mume au ya jirani. Tarehe ya kuzaliwa ya 1 Januari isipewe pointi yoyote ya siku na mwezi, maana hiyo ndiyo tarehe ya kila asiyeijua tarehe yake. Weka alama ya "imekadiriwa" kando yake.

Namba ya bima isitegemewe kama kitambulisho pekee. SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na faili za zamani zina namba za NHIF. Hifadhi zote mbili, kila moja na aina yake.

Jambo moja hapa halina mjadala: kompyuta isiunganishe faili mbili yenyewe. Ipendekeze, binadamu akubali, na kuwe na njia ya kutenganisha tena. Faili mbili za mtu mmoja ni usumbufu. Faili moja ya watu wawili ni Fatuma Ali Mohamed wa Bamburi kusomewa kundi la damu la Fatuma Ali Mohamed wa Mtopanga.

Saa, siku na mwezi

Hapa ndipo programu zilizoandikwa na watu wenye akili nyingi huanguka.

Kalenda ya programu inasema miadi ni 9:00 asubuhi. Aliyetafsiri ujumbe akaandika "Fika kliniki saa 9". Mama akafika saa tisa, alasiri, sista ameshafunga rejesta. Mbaya zaidi ni saa zinazoleta maana kwa hesabu zote mbili. Dawa ya 10:00 usiku ikiandikwa "meza saa 10 usiku", mama ataamka kabla ya alfajiri, saa sita baada ya wakati uliokusudiwa. Hesabu ya kugeuza ni nyepesi: chukua saa ya mtindo wa 24, jumlisha 6, gawanya kwa 12 uchukue baki, baki ikiwa 0 andika 12. Saa 8:00 huwa mbili, 22:00 huwa nne, 6:00 huwa kumi na mbili. Kwenye ujumbe andika kwa maneno: "saa mbili asubuhi". Tarakimu waachie wahudumu kwenye skrini zao, nazo ziwe za mtindo wa 24.

Siku nayo ina mtego. Kwa Mswahili siku huingia jua likitua. Mama akisema chupa ilipasuka "usiku wa Ijumaa", huenda anamaanisha usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Ukibonyeza Ijumaa usiku kwenye kalenda umepoteza saa 24, na chupa ikikaa imepasuka zaidi ya saa 18 huhesabiwa kuwa hatari ya maambukizi kwa mtoto. Skrini iulize "usiku wa kuamkia siku gani?" na ionyeshe tarehe zote mbili.

Hedhi ya mwisho ndiyo mzizi wa kliniki nzima ya wajawazito, na kisanduku cha kalenda cha kawaida hakiiwezi. Wapo mama wanaojibu "tangu Mfungo Sita", wengine "kabla shule hazijafunguliwa", wengine "wiki moja baada ya Idi". Sista hugeuza kichwani. Programu inayodai siku kamili humlazimisha kubuni. Afadhali iwe na orodha ya nguzo za mwaka huo, yaani mwezi wa Ramadhani, Idi zote mbili, Maulidi, Krismasi, Pasaka, kufungua na kufunga shule, kila moja na tarehe yake. Kisha kuwe na kisanduku cha usahihi chenye majibu matatu: siku inajulikana, wiki inajulikana, mwezi tu. Daktari akiona "mwezi tu" anajua kwamba wiki 36 zilizoandikwa pale zinaweza kuwa 33, naye ataomba ultrasaundi mapema, maana makadirio ya ultrasaundi huwa bora zaidi mimba ikiwa changa.

Halafu kuna tarehe ya kujifungua yenyewe. Kanuni ya Naegele husema ongeza siku 7 na miezi 9. Programu nyingi hujumlisha siku 280. Hedhi ya tarehe 10 Machi kwa Naegele hutoa 17 Desemba, kwa siku 280 hutoa 15 Desemba. Hedhi ya 1 Juni hutoa tarehe moja kwa njia zote, isipokuwa Februari inayofuata ikiwa na siku 29. Sista akiona kompyuta inapishana na hesabu yake kwa siku mbili, leo inapishana na kesho haipishani, ataacha kuiamini, na ana haki. Kubalianeni njia moja, iandikwe chini ya skrini.

Seva pia ina saa yake. Afrika Mashariki tuko saa 3 mbele ya UTC, saa ya kimataifa, na seva nyingi za kukodi huja zimewekwa UTC. Mtoto aliyezaliwa saa saba na nusu usiku wa kuamkia tarehe 1 Machi huhesabiwa 22:30 ya siku ya mwisho ya Februari, na ripoti ya 711 haitalingana na rejesta ya 333. Utaona tofauti ya mmoja au wawili kila mwisho wa mwezi na utatafuta kosa kila mahali isipokuwa hapo. Kompyuta kuukuu ambazo kibetri cha saa kimekufa hurudi mwaka wa nyuma kila umeme ukikatika, kwa hivyo programu ikatae kufunguka ikiwa tarehe ya leo iko nyuma ya rekodi ya mwisho.

Ujumbe kwenye simu

Ujumbe mmoja wa simu una herufi 160. Kiswahili hakina herufi za ajabu, basi nafasi inatosha, mpaka mtu abandike maandishi kutoka Word. "Kung'oa jino" ikiandikwa kwa kile kikato kilichopinda cha Word badala ya kilichonyooka, ujumbe wote hubadili mfumo wa herufi na nafasi hushuka hadi 70. Ujumbe mmoja unakuwa miwili au mitatu, na gharama hivyo hivyo. Weka kichujio cha kunyoosha vikato kabla ya kutuma.

Yaliyomo yaamuliwe na sista, kwa sababu simu ya mama si ya mama peke yake. Usitaje ugonjwa, dawa wala kipimo. Hata jina la chumba linatosha kumfichua mtu: kila mtu mtaani anajua CCC ni kliniki ya VVU. "Kumbuka miadi yako Jumanne saa mbili asubuhi" inatosha. Na kabla ya ujumbe wa kwanza kutumwa, mama aulizwe kama anataka kutumiwa, na jibu liandikwe.

Ramadhani ibadilishe ratiba. Anayefunga na kumeza dawa mara mbili kwa siku hupangiwa futari na daku, lakini huo ni uamuzi wa mhudumu kwa mgonjwa mmoja mmoja, kwa sababu dawa nyingine hazivumilii kusogezwa na wagonjwa wengine hawatakiwi kufunga. Programu itoe nafasi ya kubadilisha, isibadilishe yenyewe.

Namba zenye sura mbili

Hb, yaani himoglobini ya damu, ya gramu 11 kwa desilita ni gramu 110 kwa lita. Chini ya hapo mjamzito kwa kawaida huhesabiwa ana upungufu wa damu. Sukari ya milimoli 5.5 kwa lita ni miligramu 99 kwa desilita, yaani unazidisha kwa 18. Kreatinini, kipimo cha figo, ikitolewa miligramu kwa desilita kupelekwa mikromoli kwa lita huzidishwa kwa 88.4. Mashine ya kupimia sukari ikibadilishwa na nyingine yenye kipimo tofauti, hakuna atakayemwambia mtu wa kompyuta, na 99 itaingia kwenye kisanduku cha milimoli. Kila kisanduku kionyeshe kipimo chake ndani, pembeni ya namba, na hifadhidata ihifadhi namba pamoja na kipimo.

Weka mipaka ya aina mbili. Ule mgumu ni wa yasiyotarajiwa kamwe kwa anayekuja kliniki: joto chini ya 25 au juu ya 45 likataliwe, na hapo ndipo utakamata 375 ya aliyesahau nukta. Ule laini ni wa yasiyo ya kawaida: presha ya 140/90 kwenda juu iulize "una hakika? pima tena baada ya mapumziko", na 160/110 itokee kwa rangi nyekundu pamoja na hatua ya rufaa. Maonyo mengine punguza. Mfumo ukipiga kelele mara 40 kwa asubuhi, kidole cha sista kitajifunza kubonyeza "sawa" bila macho kusoma, na la 41 ndilo litakuwa la kifafa cha mimba. Kanuni yangu ni onyo moja kwa wagonjwa kumi, likizidi hapo mipaka ikaguliwe upya na daktari.

Uzito wa mtoto mchanga uandikwe kwa gramu, mahali pote. 3.2 na 3200 zikichanganyika kwenye safu moja, wastani wa mwezi hauna maana. Na sufuri isimaanishe pengo. Kila kipimo kiwe na njia tatu za kukosa jibu: haikupimwa, mama amekataa, majibu hayajarudi. Ya tatu ndiyo inayomwezesha sista kupata orodha ya majibu yanayodaiwa maabara.

Modeli za kusoma picha

Siku hizi kila mradi wa chuo unataka akili unde. Haina ubaya, Shirika la Afya Duniani lilikubali mwaka 2021 programu za kusoma picha za kifua kwa uchunguzi wa kifua kikuu kwa walio na miaka 15 kwenda juu. Ila mtu wa kompyuta asiseme "usahihi asilimia 90" mbele ya daktari kabla hajafanya hesabu hii.

Modeli, yaani programu iliyofundishwa kwa picha, inakamata wagonjwa 90 kati ya 100, na inawaacha salama wazima 90 kati ya 100. Ipeleke sokoni Kongowea upime watu 1,000, tuseme 10 wanaumwa. Itawakamata 9, na itawatia hofu wazima 99. Kati ya 108 walioambiwa wana dalili, 9 tu ndio wagonjwa, kama asilimia 8. Ipeleke modeli hiyo hiyo kliniki ya kifua ambako 200 kati ya 1,000 wanaumwa: itakamata 180 na kukosea 80, na sasa asilimia 69 ya walioonywa wanaumwa kweli. Modeli haikubadilika hata herufi. Kwa hivyo swali la kwanza kwa daktari ni watu gani watapigwa picha, na la pili ni kama maabara ina katriji za GeneXpert, mashine ya kupima kifua kikuu, za kuwathibitisha wote watakaoonywa.

Wakati wa kufundisha modeli, gawanyeni data ya kufundishia na ya kujaribia kwa mgonjwa, sio kwa picha. Mtu mwenye picha tatu akiwa pande zote mbili, modeli inamkumbuka yeye badala ya ugonjwa. Na mtaalamu wa picha aulizwe zilipigwaje: mgonjwa mahututi hupigwa akiwa kitandani kwa mashine ya kusukumwa, na modeli hujifunza mashine hiyo.

Umeme, chumvi na karatasi

Hewa ya bahari hula viunganishi, hasa vituo vilivyo karibu na maji. Chagua kompyuta ndogo isiyo na feni, kabati lililofungwa, na ukague plagi kila miezi mitatu. Hesabu ya umeme: kompyuta ndogo wati 25, ruta 12, swichi 10, skrini 20, jumla 67. Betri ya asidi ya volti 12, Ah 100, ina wati-saa 1,200. Tumia nusu tu isife mapema, toa asilimia 15 zinazopotea kwenye inveta, unabaki na 510, kama saa saba na nusu. Lakini betri hizo hupimwa kwa joto la 25, na kila nyuzi 10 zaidi hupunguza umri wake kama nusu. Kuiweka stoo ya bati isiyo na dirisha ni kununua nyingine mwakani.

Sheria usiiache mwisho. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, habari za afya ni data nyeti, na zikivuja Kamishna anatakiwa aarifiwe ndani ya saa 72. Anayeandika ripoti hiyo awe na jina kabla haijatokea. Utafiti unahitaji kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, na hakuna njia ya mkato kwa sababu ni mradi wa mwanafunzi. Kundi la WhatsApp la kupeana picha za wagonjwa lifungwe siku mfumo unapoanza.

Makubaliano ya pande mbili yaandikwe ukurasa mmoja: nani ana neno siri la msimamizi, nani wa pili, programu inahifadhiwa wapi, kijana akihitimu au akipata kazi Nairobi nani anarithi, na nani anapigiwa simu usiku. Nakala za data ziwe tatu, moja nje ya jengo, na kila mwezi mtu airudishe moja kwenye kompyuta nyingine aone kama inafunguka.

Droo ya sista iwe na fomu 50 za karatasi zenye mpangilio ule ule wa skrini, kwa siku ambayo kila kitu kitazima. Anayeziingiza baadaye ajaze tarehe mbili, ya huduma na ya kuingiza, na kisanduku cha kwanza kije kitupu, kwa sababu programu ikijaza tarehe ya leo yenyewe mama wote wa Jumanne watahamia Alhamisi. Fomu iliyokwisha kuingizwa ipigwe mstari kona ya juu, iwekwe herufi za jina la aliyeingiza, na ihesabiwe. Zilizotoka kwenye droo na zilizo kwenye faili zilingane kabla ya tarehe 5.